Pirana na Talaka ya Barazani

Jumapili, tarehe 19 Machi 2006. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikapumzika watu walipokuwa wanakunywa chai, kisha ikarudi kama mtu aliyesahau kitu. Mvua ya Machi hapa Nachingwea haina adabu, inaingia mpaka chini ya mlango na kukaa sebuleni. Siku hiyo niliamka nikafagia maji, nikachochea moto, nikachemsha chai, na muda wote huo nikawa sina hakika kama mwanamume aliyekuwa anaisubiri chai ile ataendelea kuwa mume wangu hadi jioni. Jambo hilo lilikuwa mikononi mwa samaki, kama samaki ana mikono. Nadhani ningesema mdomoni mwa samaki.

Elimu yangu ni darasa la saba, na nilisoma huko kwetu Mandawa, wilaya ya Ruangwa. Kuandika kwangu ni kwa kubahatisha. Lakini nitajitahidi nisimwonee mtu yeyote katika habari hii, na samaki pia nisimwonee.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Msimu wa korosho alibeba magunia, msimu ukiisha alibeba maneno, yaani alikaa kwenye baraza la kahawa karibu na soko akiwasimulia watu aliyoyaona safarini. Sisemi alikuwa muongo. Nasema mambo yakipita kwake yalikuwa yanaota manyoya kidogo. Mwisho wa msimu ule alikwenda Dar es Salaam, nami nilimwagiza jambo moja tu: friji ya mtumba. Nilitaka kuuza maji baridi na barafu za rangi kwa watoto wa shule. Huko akasikia kuna Mzungu anarudi kwao na mlinzi wake anagawa vitu. Alipofika friji imeshachukuliwa. Akarudi na sanduku la kioo, refu kama meza ya fundi cherehani, na ndoo yenye mfuniko.

"Friji iko wapi?" nikamuuliza.

"Hili ni bora kuliko friji," akasema. "Friji inatunza samaki aliyekufa. Hili linamtunza aliye hai."

Kwa haki, jibu lile lilikuwa zuri, nikaenda kumpikia.

Ndani ya ndoo, mwenyewe alisema, waliondoka Dar samaki wawili. Kwangu alifika mmoja. Mume wangu alisema huyu amemla mwenzake njiani, na kweli kulikuwa na magamba yanaelea. Lakini mimi sikuwepo. Lori lilisimama Somanga, mahali ambapo kila mtu anauza samaki wa kukaanga, kwa hiyo siwezi kuapa yule wa pili aliishia wapi.

Alikuwa samaki mpana, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, umbo kama perege, tumbo jekundu kama ameketi kwenye mchuzi wa nyanya. Taya la chini limetokeza mbele, kama mtu aliyenuna tangu utotoni. Mume wangu alimwita pirana. Watoto wa mtaani walimwita pilana, na mimi nikichoka nilimwita pilana vilevile.

"Huyu kwao Amerika ya Kusini," mume wangu aliwaambia wageni, "wakiwa kundi wanamaliza ng'ombe kabla chai haijapoa."

"Ng'ombe huyo ulimwona?" jirani yangu aliuliza. Huyu jirani ni mwanamke mwenye duka la mafuta ya taa upande wa pili wa uzio wetu, na hapendi kuuziwa kitu bila kukinusa.

"Mlinzi alinieleza."

"Na mlinzi alimwona?"

"Kwenye video."

"Basi na mimi kwenye video nimeona watu wanaruka bila mabawa," jirani akasema, akaenda zake.

Kazi ya kumtunza ikawa yangu, ingawa hakuna aliyetamka hivyo. Kulikuwa na kimashine cha kutoa mapovu majini, kinatumia umeme, na umeme wa mji wetu wakati ule ulitegemea jenereta na huruma ya Mungu. Kwa hiyo asubuhi na jioni nilichota maji ya samaki kwa jagi nikayamwaga tena kutoka juu, ili apate hewa. Maji yenyewe yalikuwa ya dumu, yanakuja na baiskeli. Siku ambazo sisi tulikula mlenda, yeye alikula firigisi. Niliona haya kuwaambia watu, nikawa namlisha pazia likiwa limefungwa.

Sasa naomba nieleze jambo ambalo ndilo lililoleta yote. Mume wangu alimlisha mara chache, tena kwa kijiti kirefu, amesimama upande kama anayewasha fataki. Mimi nilikuwa naosha kioo kwa ndani. Unawezaje kuosha kioo kwa ndani bila kutia mkono? Niliutia hadi kiwiko, na sifongo, kila wiki. Na samaki yule hajawahi kunigusa. Mkono ukiingia alikimbilia pembeni, nyuma ya kigae cha chungu nilichomwekea, akatetemeka. Wageni wakiwa wengi na watoto wakigonga kioo, alipauka, ile rangi nyekundu ikawa kama chai ya maziwa, mara nyingine akalala ubavu mpaka waondoke. Meno anayo, niliyaona alipopiga mwayo, yamepangana kama msumeno mdogo. Ila alikuwa mwoga. Au labda ananiheshimu kwa sababu mimi ndiye ninayemlisha. Sijui moyo wa samaki. Sikumweleza mume wangu kwa sababu hakuniuliza, na pia kwa sababu alikuwa na raha sana na yule samaki mkali wa kwenye maneno yake.

Mume wangu ni Mmwera kama mimi, na barazani alikuwa na mtani wake, Mngindo kutoka upande wa Liwale, fundi baiskeli. Watani ni watani, anaweza kukuita mtumwa wake, akaingia kwako akachukua kuku, na wewe ucheke. Alhamisi ile kabla ya Jumapili ninayoiandika, mtani alimwanza mbele ya watu.

"Mtumwa wangu, nasikia umefuga perege umempaka rangi ya mdomo."

"Yule atakula mkono wako na baiskeli uliyoishika," mume wangu akasema.

"Perege. Tena perege jike. Nitakuja nimtekenye."

"Jaribu."

"Nitamtekenya acheke, halafu nimwoe."

Watu wakacheka. Walioniletea habari wanasema walicheka muda mrefu, na nafikiri huo muda ndio ulioharibu. Mume wangu akasimama na kikombe chake, akasema: "Wallahi, mtu akitia mkono mle na samaki yule asimng'ate, mimi mke nimemwacha."

Kicheko kikakatika. Muuza kahawa akaweka birika chini. Wote pale wanajua neno hilo si la kuchezea, ukilitundika juu ya sharti nalo sharti likitimia, limeshuka.

Jirani alinifikishia habari kabla mwenyewe hajafika. Alipokuja alikula, akasifu mboga. Katika miaka yote tangu anioe, miaka ya tisini mwanzoni, hakuwahi kusifu mboga. Nikamwacha amalize.

"Leo nimemwosha samaki," nikasema.

Akaacha kutafuna. "Umemwosha na nini?"

"Na sifongo."

"Mkono ulikuwa wapi?"

"Kwenye sifongo."

Akasukuma sahani. "Tangu lini unatia mkono mle?"

"Tangu ulipomleta."

"Hakukung'ata?"

"Hajawahi."

Nilimwona anavyotafuta pa kushika. Hakukasirika. Aliuliza kwa sauti ndogo: "Leo ulimwosha saa ngapi?"

"Mchana."

"Mchana wa adhuhuri au mchana wa kukaribia alasiri?"

"Mchana wa mvua," nikasema, na hilo ndilo nililokuwa na hakika nalo. Spika ya msikiti haikuwa na umeme, bati lilikuwa linapigwa, saa ya ukutani ilisimama tangu Idi. Yeye alitamka barazani karibu na alasiri. Kama niliosha kabla, haikuwa na maana. Kama niliosha baada, nilikuwa nimempikia chakula mwanamume ambaye si wangu. Usiku huo nilitandika mkeka chumba cha watoto. Hakunifukuza mtu, niliona tu ndiyo haki mpaka tujue.

Ijumaa baada ya sala tulikwenda kwa maalimu. Ni mzee mwembamba anayefundisha watoto madrasa, miwani yake imefungwa uzi, na husikiliza kama anayehesabu punje. Mume wangu alikaa kwenye mkeka, mimi nilikaa karibu na mlango.

"Ulisema mtu?" maalimu akauliza.

"Nilisema mtu," mume wangu akajibu, na macho yakapata mwanga. "Sikusema mke. Mtu ni kama mtani, kama mgeni. Mke ni mke."

Maalimu akavua miwani. "Mke si mtu?"

"Ni mtu, maalimu, lakini..."

"Lakini nini? Malizia, naye yuko pale anasikia."

Mume wangu akaanza kuchokoa mkeka. Nilitazama mvua.

Maalimu akasema yakini haiondolewi na shaka. Ndoa ni yakini, tuna hakika nayo, ilikuwa na mashahidi na wali na nazi. Saa ya sifongo ni shaka. Kwa hiyo ndoa ipo. Ila kuanzia sasa mkono wowote ukiingia mle, wa mtoto, wa mgeni, wa mwizi, na samaki asing'ate, basi. "Nendeni mkamchunge," akasema.

Tukarudi nyumbani na ndoa yangu ipo, lakini ipo ndani ya maji. Niliweka sinia juu ya sanduku, na juu ya sinia nikaweka pasi ya mkaa. Watoto wangu niliwakataza sebule. Mume wangu alihamishia kiti chake pale, akawa anakaa amemtazama samaki, naye samaki amejificha nyuma ya kigae. Wakati mwingine nilimsikia anamsemesha. "Wewe," alimwambia, "ulimla mwenzako njiani. Shida yako nini?"

Jirani akaja na shauri lake. "Mtie kwenye sufuria yaishe. Asipokuwepo, nani ataulizwa kung'ata?"

Nilifikiri, sitasema sikufikiri. Nilifika mpaka kwenye kushika kisu. Lakini aliyeapa si samaki.

"Basi mmwage mtaroni."

"Mvua hii itamfikisha Mbwemkuru," nikasema. "Kule watu wanavuka mto kwa miguu."

"Si umesema hang'ati?"

"Haning'ati mimi. Watu wa Mbwemkuru siwezi kuwasemea."

Na habari zilifika Mandawa, ingawa barabara ya Ruangwa ilikuwa tope mpaka kwenye ekseli. Kaka yangu alimtuma mtu wa pikipiki na salamu: chumba cha nyuma kipo, ila wakati wa mvua wanalala mbuzi, kwa hiyo kama nitaachika, bora niachike kiangazi. Hakuwa na ubaya, anawapenda mbuzi wake. Lakini siku ile nilikwenda nyuma ya choo nikalia kidogo. Sikulia kwa ajili ya mbuzi. Nililia kwa sababu nilikuwa na nyumba, na watoto, na mwanamume mwenye maneno mengi niliyemzoea, na vyote vilikuwa vinasubiri mkono wa mtu mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka Jumapili.

Tulikuwa tumemaliza chai nikasikia hodi. Ni mtani, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, na nyuma yake wazee wawili wa barazani wamebanana chini ya mwavuli mmoja na maalimu. Mtani mkono wake wa kulia ameuficha ndani ya shati.

Mume wangu alisimama mlangoni. "Leo hupiti."

"Mtumwa wangu, tangu lini unanizuia kwenye nyumba yangu?"

"Mtani, nakuomba. Utani mwingine wote sawa. Chukua kuku. Chukua jogoo."

"Jogoo nitachukua nikitoka," mtani akasema, akapita chini ya kwapa lake.

Alinikuta nimesimama mbele ya sanduku. Akainama kama anayenisalimia, akatoa mkono kidogo kwenye shati nikauona. Ulikuwa mwekundu, unang'aa, una harufu.

"Nimetoka bucha, shemeji," akasema polepole. "Ini la mbuzi. Nimelisugua mpaka kwenye kiwiko. Huyu leo asiponing'ata si samaki, ni picha."

"Kwa nini unafanya hivi?"

"Mimi ndiye niliyemchokonoa mpaka akaapa. Utani hauvunji nyumba. Ukivunja nyumba si utani tena. Akining'ata mbele ya maalimu, kiapo kimekwisha, unalala kwako kwa raha."

Nilimtazama maalimu, naye akasema hazuii wala haruhusu, amekuja kutazama. Mume wangu alikuwa ananitazama mimi. Nikapima. Sanduku likiendelea kukaa pale, kila mtoto anayepita na mpira na kila mgeni mwenye udadisi ameshika ndoa yangu. Na huyu angalau ameupaka mkono wake ini.

Nikaondoa pasi. Nikaondoa sinia. "Atie," nikasema.

Mtani alipandisha mkono wa shati na kuuzamisha. Damu ya ini ikatawanyika majini kama moshi. Samaki akatoka nyuma ya kigae. Akaukaribia ule mkono, akautazama, akapauka. Mtani akachezesha vidole. Samaki akalala ubavu, akapanda juu taratibu, akaelea.

Wazee wakasogea kuchungulia.

"Amekufa," mmoja wa wazee akasema.

"Ameona Mngindo," wa pili akasema.

Mume wangu alifumba macho. Mtani akapauka kama samaki. Alimkinga kwa kiganja, akamwinua kutoka majini, na hapo sijui ni mazoea au ni huzuni ya kweli, kwa sababu kazi ya mtani msibani ni hiyo, akaanza kulia kilio cha matanga, uso ameuelekeza darini. "Uwii, ndugu yetu wa Amerika. Umekuja na ndoo, unaondoka na ungo. Hukuaga. Hukuacha hata mtoto. Nani atatula sasa..."

Samaki akafungua mdomo na kumng'ata nyama ya chini ya kidole gumba.

Sitaandika maneno aliyoyatamka mtani, maana maalimu alikuwepo. Aliruka. Alipunga mkono mara tatu au nne samaki akiwa bado ameshika, wazee wakawa wamefika barabarani, kigae kikaanguka mle majini, kisha samaki akaachia akatua kwenye kitambaa cha kufuma cha meza. Nilimchota kwa sinia nikamrudisha majini. Akaenda pembeni akatetemeka. Damu ilikuwa inadondoka sakafuni, ya mbuzi na ya Mngindo, huwezi kuzitenga.

"Ameng'ata," mume wangu akasema. Alikuwa amefumbua macho na kutabasamu kama siku ya harusi. "Maalimu, ameng'ata. Wazee, ameng'ata?"

"Ameng'ata," wazee wakajibu kutoka barabarani.

Maalimu alikuwa bado anaifuta miwani, ilikuwa na matone ya mvua. "Kiapo kilisema mtu akitia mkono mle. Alipong'atwa mkono ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo tulipojua kwamba katika wanaume wote hakuna aliyeona. Wazee walikuwa wamegeuka kutoka waliposikia kilio. Mume wangu alikuwa amefumba macho. Maalimu alikuwa amevua miwani.

"Ulikuwa mle, maalimu," mtani akasema, amebana kidole kwa kanga yangu. "Karibu na mle. Mle mle."

"Wewe ulikuwa unalia unatazama dari. Tena mwenye kidole hawezi kuwa shahidi wa kidole chake." Akavaa miwani, akanigeukia. "Mama, wewe uliona?"

Niliona. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka pale. Mtani alinikazia macho, akanikonyeza kwa jicho ambalo lilikuwa na machozi ya kweli. Mume wangu akasema, "Mama watoto," basi. Ningeweza kusema maji. Nani angenibishia? Samaki? Lakini nilijijua. Ningesema maji, halafu ningelala kila usiku pembeni ya mtu yule nikijiuliza mimi ni nani wake, kama nilivyojiuliza tangu Alhamisi, na safari hii kusingekuwa na shaka ya kuniokoa.

"Mkono ulikuwa nje," nikasema. "Samaki alikuwa nje. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mkia. Alipokuwa majini hakumng'ata."

Mtani akaketi sakafuni. "Shemeji," akasema, "kidole changu hiki sasa cha nini?"

Maalimu alikaza uzi wa miwani yake. Kisha akamgeukia mume wangu. "Mzee, nijibu na Mungu anakusikia. Ulipotamka lile neno barazani, ulitaka kumwacha mkeo, au ulitaka kumfunga mdomo huyu?"

"Kumfunga mdomo huyu," mume wangu akasema. "Mke wangu sikumfikiria kabisa."

"Naamini," maalimu akasema. "Ndilo kosa lako." Akaeleza kwamba wanachuoni hawakukubaliana. Wako wanaosema neno la namna ile ni kiapo tu, ukikivunja unalisha maskini kumi. Wako wanaosema limeshuka, talaka moja. Yeye ni mwalimu wa watoto, hawezi kuwaamulia wakubwa hao. Kwa hiyo tutashika yote mawili: tuhesabu moja imeshuka, amrejee mke sasa hivi mbele ya watu, na chakula cha maskini kiive leo hii. Sharti limekwisha, mkono mwingine ukiingia mle hauna kesi tena, na talaka zimebaki mbili, azitunze, asiende nazo kwenye kahawa.

"Kama mwenyewe ameridhika," maalimu akaongeza, akanitazama. Sheria haikumlazimu kuniuliza, lakini aliuliza, na hilo naliandika kwa sababu ni haki yake.

Nikasema nimeridhika, ila friji bado naitaka.

"Sema," maalimu akamwambia mume wangu.

Mume wangu, bingwa wa kusema kwenye baraza zima, akasimama mikono imelegea. "Nimekurejea," akasema, akiangalia sanduku.

"Mtazame mkeo, si samaki."

Akanitazama. Alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu. "Nimekurejea," akasema tena. Katika maisha yetu hakuwahi kuniambia neno linalofanana na hilo. Nilikwenda jikoni kwa haraka kana kwamba kuna kitu kinaungua, na moto ulikuwa umezimika.

Jogoo aliyeahidiwa mtani alichinjwa, na mwenzake akafuata. Kupata maskini kumi hakukuwa rahisi. Mvua inanyesha, na mtaani kwetu hakuna aliyetaka kuitwa maskini mbele ya jirani. Mume wangu alizunguka nyumba kwa nyumba na mwavuli wa maalimu akirudi peke yake. Lakini pilau ilipoanza kunukia, umaskini ukaenea haraka. Jirani alikuja akisema duka halina kitu tangu mwezi uliopita. Wazee wa barazani wote wawili walitangaza hali zao. Maalimu aliwahoji mlangoni mmoja mmoja, akawarudisha wengine, jirani akiwa wa kwanza, mpaka kumi wakatimia. Nikamkatia kipande cha mkate aende nacho.

Mtani alipita bila kuhojiwa, kwa sababu ya jeraha. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa mpaka kwenye kifundo, na wa kushoto haulii chakula. Akaketi mkekani, akapanua mdomo.

"Mtumwa wangu," akasema, "tonge. La nyama. Usinipe mfupa, mimi si samaki wako."

Mume wangu alinawa, akafinyanga tonge, akamtia mdomoni. Akafinyanga jingine. Alifanya hivyo mpaka sinia likaisha, watu wote wakitazama, na hakusimulia hata kisa kimoja.

Maalimu alisema mwenye kulipa haonji alichokilipa. Kwa hiyo walipoondoka nilisonga ugali wa muhogo, nikapika majani ya kunde kwa karanga kidogo, tukala sisi na watoto, na firigisi za majogoo nikampa samaki, safari hii pazia likiwa wazi.